Kipicha Kilichoandikwa MAMA

Andiko hili nimelitoa kwenye daftari langu la mwaka 1999 na kuliweka hapa bloguni bila kulirekebisha. Hata hasira zake nimeziacha.

Alhamisi, Oktoba. Siku ya themanini na tatu ya eda.

Tangu asubuhi mawingu yamejaa juu ya Tandika na mvua haishuki. Joto la namna hii hunifanya nimchukie kila mtu, nikianza na mie mwenyewe. Nimekaa chumbani, hapahapa nilipokaa tangu Salum azikwe, na nguo nyeupe zilezile, na leo nimefanya jambo ambalo sijui nitalisema kwa kinywa gani.

Nimeipoteza sauti ya Salum.

Nimeiandika sentensi hiyo nione kama itanipunguzia. Haijanipunguzia kitu. Basi nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitachana karatasi.

Kompyuta hii Salum aliipata kazini. Kampuni ya umma aliyoitumikia miaka kumi na sita ilipouzwa kwa mwekezaji, wafanyakazi wengi walipunguzwa, naye akarudi nyumbani na kompyuta iliyokuwa mezani kwake pamoja na barua ya shukrani. Barua aliitupa. Kompyuta akaitengenezea meza kwa mikono yake hapa chumbani, akavuta waya wa umeme, akaweka stabilaiza ya kutuliza umeme, akazifunga nyaya zote kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mie ni katibu muhtasi, nimepiga taipureta tangu nina miaka kumi na tisa, kwa hiyo kuchapa ilikuwa kazi yangu na kuchokonoa ilikuwa kazi yake. Nusu ya kadi za harusi za mtaa huu zimetoka kwenye vidole vyangu.

Mwaka jana akanunua kadi ya sauti na kipaza sauti kidogo kwa rafiki yake Murtaza, mwenye duka la kompyuta Kariakoo. Wakati huo mama yake alikuwa Mafia kwa dada yake. Salum akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akakijaribu kipaza sauti kwa kumsemesha mama yake asiyekuwepo. Alizungumza dakika nne. Kisha akaweka kipicha kwenye kioo, akakiandika MAMA, ili mwenyewe akirudi abonyezewe mara mbili tu na kusikia.

Mama mkwe wangu haoni. Mtoto wa jicho alimchukua jicho moja, halafu la pili, huu mwaka wa sita. Salum alipofariki mwezi wa saba, kwa kifua ambacho wote tulikiita kikohozi cha kawaida, sie wengine tulibaki na picha zake. Yeye picha za nini? Alibaki na hizo dakika nne.

Kila siku baada ya alasiri anapapasa ukuta wa ukumbini mpaka chumbani kwangu, anakaa kwenye kiti chake, mie nabonyeza. Anasikiliza mikono ikiwa mapajani. Ikiisha anasema asante mwanangu, anarudi chumbani kwake. Haombi irudiwe hata siku moja. Nadhani anaogopa itachakaa.

Maneno nayajua yote. Anamwamkia shikamoo, anasema anajaribu chombo kipya. Anamwambia bati la jikoni amelibadilisha, mpera umezaa, kile kiti chake amekigongea msumari hakichezi tena. Anakohoa. Kisha anamwambia arudi upesi, kwa sababu nyumba haina mtu wa kumgombeza.

Sasa ungamo, kwa kuwa daftari halina mdomo. Niliichukia sauti ile.

Dakika nne nzima na jina langu halimo. Nyumba haina mtu wa kumgombeza! Mie niliyemgombeza miaka ishirini na mbili, tangu alfajiri mpaka anapolala, nikamgombeza mpaka akaacha sigara, nikamgombeza aende hospitali akachelewa kwenda. Nilikuwa nyumba ileile, siku ileile, na alipokaa kumweleza mama yake habari za nyumbani, nilizidiwa na mpera. Najua ni upuuzi kumwonea wivu kikongwe asiyeona. Nilimwonea.

Na kuna kile kikohozi. Kinakuja ghafla katikati ya maneno, kirefu, na ndicho hichohicho kilichokua mpaka kikamchukua. Ikifika hapo mie hutoka. Huenda uani nikajishughulisha na sufuria, na maneno ya mwisho nayasikia kupitia dirishani. Siku zote nilizomfungulia Mama sauti ile, sijabaki chumbani mpaka mwisho hata mara moja.

Siku ya arobaini Murtaza alinitumia ujumbe kwa Mama kwamba niweke redio kaseti karibu na spika, nirekodi, ili ibaki akiba. Redio tunayo. Kaseti tupu ziko kwenye droo ya meza hii ninayoandikia, mbili, hata nailoni hazijatolewa. Nikasema kesho. Nilisema kesho karibu mwezi mzima. Ukweli ni kwamba sikutaka iwepo mara mbili. Mara moja tu ilikuwa inanitosha.

Mwaka huu kila mtu anazungumzia mwaka elfu mbili. Eti ukiingia, kompyuta zote zitadhani ni 1900 na zitazima. Mama aliyasikia redioni akaja kuniuliza kama na hii ya Salum itakufa. Nilimwambia mie sijui, tumuulize Murtaza. Murtaza akasema upo mfumo mpya ambao hauna ugonjwa huo, anayo sidii yake, ataleta. Kwa hiyo tuliuweka mfumo mpya ili kuilinda sauti. Hilo nalirudia kichwani mwangu tangu mchana.

Nieleze tulivyofanya kazi. Mwanamke aliye edani hakai na mwanamume wa kando, wala mwanamume huyo haingii chumba anachokalia eda. Ingekuwa rahisi kuibeba kompyuta mpaka Kariakoo, au hata kuisogeza ukumbini. Mama alikataa vyote viwili. Alisema nyaya zile zimefungwa na mkono wa mwanawe na hazifunguliwi. Murtaza alipojaribu kumbembeleza, akamjibu taratibu tu:

"Salum ametolewa humu ndani mara moja. Hatolewi mara ya pili."

Nani angembishia? Murtaza naye ni mtu wa dini, mambo ya eda hana haja ya kufundishwa. Akakaa kwenye kigoda ukumbini, pazia la mlango likashushwa, Mama akakaa karibu yake na tasbihi, mie nikakaa ndani mbele ya kioo. Mie nasoma kwa sauti kilichoandikwa, yeye ananiambia nibonyeze wapi. Mfumo mpya tuliuweka namna hiyo wiki mbili zilizopita, bila yeye kuona chochote. Alinisifu. Nilivimba kichwa, sifichi.

Mfumo mpya ulikaa na rangi zake nzuri, ila sauti ikafa. Mashine haikuitambua tena kadi ya Salum. Siku ya kwanza ya kimya, Mungu anisamehe, nilipumua.

Lakini Mama hakuacha kuja. Baada ya alasiri anapapasa ukuta, anakaa kwenye kiti, anaweka mikono mapajani, anakaa kimya kwa muda uleule. Kisha anasema asante mwanangu, anaondoka. Siku ya tano nilishindwa. Nilimwomba jirani ampigie simu Murtaza aje auondoe mfumo wake mzuri, turudi kwenye ule wa zamani.

Leo amekuja baada ya adhuhuri, mgao ulipotuachia umeme. Tukakaa kama mara ya kwanza, yeye na Mama ukumbini, mie ndani. Alisema kazi ya leo ni nyepesi, kwa sababu tulipouweka mfumo mpya, mashine iliuliza kama tunataka kuuhifadhi wa zamani, nasi tulikubali. Kwa hiyo umo ndani umelala, tunauamsha tu. Nikaufungua ukurasa wenyewe, nikachagua kurudi nyuma. Mashine ikagoma. Ikasema nafasi kwenye diski haitoshi.

Murtaza akasema hilo si tatizo, tufute vitu visivyo na kazi. Akanielekeza niyapange mafaili kwa ukubwa, mazito yakae juu. Nikayapanga. La kwanza kabisa lilikuwa zito kuliko mengine yote, na jina lake halikuwa jina la kitu, ni REC0007. Nikamsomea. Akauliza ni la nini, nikasema silijui, labda takataka za mfumo wake. Kisha akauliza swali la maana, na namshuhudia kwa hilo mbele ya Mungu, aliuliza.

"Shemeji, ile sauti ya marehemu unaiona iko wapi?"

"Naiona. Iko hapa mbele yangu."

Na nilikuwa naiona. Nilizishusha kurasa zote nikaona kioo kitupu na kile kipicha juu kushoto, MAMA, kama kilivyokaa mwaka mzima. Kwenye kona yake ya chini kuna kimshale kidogo cheusi. Kimshale hicho nimekitazama kila siku nikadhani ni urembo. Kumbe maana yake ni kwamba kitu chenyewe hakipo hapo, kipo mahali pengine kwa jina lingine, na hicho ni kielekezo tu. Salum alijua, ndiye aliyekiweka. Murtaza anajua, angekiona kwa kutupa jicho. Ila Murtaza alikuwa anatazama pazia la maua.

Nikaifuta REC0007. Nikafuta na mengine manne. Nikalimwaga pipa la taka kama alivyoniagiza, kwa sababu bila kulimwaga nafasi hairudi. Mashine iliniuliza kama nina hakika.

Nilikuwa na hakika.

Kurudi nyuma kulichukua karibu saa nzima. Tulikunywa chai, wao huko na mie huku. Mama alimuuliza Murtaza habari za watoto wake mmoja mmoja. Mashine ikajizima, ikajiwasha, zikaja rangi zile za zamani ambazo sikujua kama nimezikumbuka. Halafu ule muziki wake mfupi wa kuamka ukalia kwenye spika.

Mama ukumbini akasema Alhamdulillahi. Nikamsikia akiinuka. Akasema anakwenda kutawadha, asali alasiri kabisa, halafu aje tukae. Sauti yake ilikuwa ya msichana anayevalishwa siku ya harusi. Murtaza akacheka kwa furaha, nami nikacheka, na nikiwa bado nacheka nikabonyeza MAMA mara mbili ili niijaribu.

Haikulia. Kikatokea kijitochi kwenye kioo, kinamulika huku na huku kama mtu anayetafuta funguo gizani. Chini yake mashine ikaandika inachokitafuta. REC0007.

Nilimsomea Murtaza kupitia pazia. Nikasikia kigoda kinakwaruza sakafu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye kile kipicha kuna kimshale. Nikamwambia kipo. Akasema Innalillahi, na hapo ndipo nilipojua kwa uhakika, maana neno hilo hatulisemi kwa mashine.

Alijaribu. Alinituma huku na kule ndani ya diski, nikamsomea orodha ndefu za majina. Mwishoni akasema mfumo wa zamani umerudi na kukaa palepale palipoachwa wazi, umeandikwa juu yake, hakuna pa kuchimba. Nikamuuliza kwa nini faili la mtu anayezungumza dakika nne liwe zito kuliko vyote. Akasema huenda Salum alichagua usafi wa juu kabisa wa sauti, ule wa kurekodia muziki. Najua ndivyo alivyofanya. Salum hakuwa mtu wa kufanya kitu ovyo. Angekuwa mvivu kidogo, faili lingekuwa dogo, nisingeligusa.

Murtaza alisema kosa ni lake, hakupaswa kukubali kufanya kazi asiyoiona. Nilimwambia aende akasali. Alikaa kidogo zaidi, nikamsikia anapenga kamasi, kisha akavaa viatu akaondoka.

Najua watakaosema ni eda, ni pazia, ni ushamba. Wasiniambie mie. Eda naikalia kwa ajili ya mtu niliyempenda, na pazia halina kidole. Kidole ni changu. Kaseti mbili kwenye droo ni zangu. Hata ile hakika ilikuwa yangu, maana mwanamke aliyesifiwa mara moja hakutaka kusema sijui mara ya pili.

Mama alikuja baada ya sala. Nilimsikia anakuja, kiganja chake kinakwaruza ukuta. Alikuwa amebadilisha kanga. Akakaa, akaweka mikono mapajani.

Nikamwambia umeme ni mdogo, spika hazipati nguvu. Uongo huu Dar es Salaam nzima hakuna asiyeuamini. Akasema basi kesho. Lakini hakuinuka. Alikaa, halafu akaniomba kitu ambacho hajawahi kuniomba.

"Wewe si unayajua maneno yake? Nisomee basi."

Nikamsomea. Nilikaa kwenye stuli ya kuchapia, nikatazama kioo, nikaanza na shikamoo. Nilijikuta nasema kwa mwendo wa Salum, nikivuta maneno pale anapovuta. Bati. Mpera. Msumari. Nilipofika karibu na mwisho likanijia wazo baya, kwamba sasa naweza kuongeza. Naweza kuweka jina langu humo na hakuna mashine duniani itakayonisuta. Sikuongeza. Nikamalizia na nyumba isiyo na mtu wa kumgombeza, nikanyamaza.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Umeruka," akasema.

Nikamwambia sijaruka hata neno moja.

"Si neno. Anakohoa, halafu unakuja wewe. Kandambili zako zinaburuza mpaka mezani, bilauri inatua, anakunywa, ndipo anaendelea. Mie kila siku nilikuwa nawasikia nyote wawili."

Sikumbuki. Nimekaa hapa tangu alasiri nikijaribu kuikumbuka siku ile na sikumbuki kumpelekea mume wangu maji. Nikimsikia akikohoa nilikuwa nampelekea, ndiyo desturi, nani anakumbuka desturi? Lakini nilikuwemo. Mwaka mzima nilikuwemo, na kila ilipofika zamu yangu nilitoka kwenda uani. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Mama akadhani namlilia Salum. Alinipapasa mpaka akaupata uso wangu, akanifuta kwa upindo wa kanga yake. Akasema kesho umeme ukiwa mzuri nisikimbilie uani, nikae hapa karibu yake niisikie. Nikasema ndiyo, Mama.

Nimesema ndiyo, Mama. Kama niliyekuwa na cha kumfungulia.

Sasa magharibi imepita. Kule ukumbini Mama amewasha redio yake, ipo chini. Kompyuta sijaizima, na kipicha kipo palepale, MAMA, na kimshale chake. Najiuliza kama nilikuwa naogopa sauti ile au nilikuwa naogopa kusikia kwamba sikumtosha Salum. Sasa sitajua, na huyu bibi wa watu ataishi miaka yake iliyobaki na kimya nilichomletea mie.

Redio kaseti ipo. Nimewaza nimrekodie mie, kwa mwendo wa Salum, na maji nimimine na bilauri niiweke mezani. Nimelikataa wazo hilo. Ni uongo wa pili juu ya uongo wa umeme, na masikio yale hayadanganyiki.

Kesho nitamwambia. Si alasiri, akiwa ameshabadilisha kanga. Asubuhi, kabla ya chai, kabla hajaanza kuusubiri umeme. Na sitamsubiri apapase ukuta kunifuata. Nitakwenda mwenyewe chumbani kwake, nikiburuza kandambili, ajue mapema ni nani anayekuja.